Feri, meli na bandari za Ireland: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mtu wa Mombasa, na siku hizi nakaa Wexford, pembe ya kusini-mashariki ya Ireland, si mbali na bandari ya Rosslare. Waswahili wenzangu walioko Dublin, Cork na Belfast, na jamaa wanaopanga kuja kututembelea, huniuliza habari za meli karibu kila wiki. Nimeyaandika maswali yao hapa pamoja na majibu, ili anayeyahitaji ayakute wakati wowote. Majibu marefu zaidi ni yale ya karatasi na ya upepo, kwa sababu wengi niliowaona wakirudishwa au wakilala bandarini waliponzwa na moja ya mawili hayo.

Meli za abiria hutoka bandari zipi, na huenda wapi?

Bandari kubwa ni Dublin. Hapo meli za Irish Ferries na Stena Line huvuka kwenda Holyhead, Wales, mwendo wa saa tatu na robo hivi. Ni zaidi kidogo ya kilomita 100 za maji, yaani mbali kuliko Dar es Salaam hadi Unguja. Kiangazi huwa kuna pia boti ya kasi inayovuka kwa kama saa mbili na robo. Dublin hiyo hiyo ina meli ya kwenda Cherbourg, Ufaransa, ambayo hulala njiani.

Rosslare ina meli za Fishguard na Pembroke Dock, zote Wales, mwendo wa saa tatu na nusu hadi nne, na pia meli za Ufaransa na za Bilbao, Hispania. Ile ya Dunkirk ilianza Januari 2021, wiki ile ile Uingereza ilipotoka kabisa kwenye soko la Ulaya, na safari yake ni kama siku nzima.

Cork ina meli ya Brittany Ferries kwenda Roscoff, kutoka gati la Ringaskiddy. Kampuni hiyo ilianzishwa na wakulima wa Brittany waliotaka njia ya kupeleka koliflawa na mboga zao Uingereza. Meli yao ya kwanza iling'oa nanga Januari 1973, na mwaka 1978 wakaanza kuja Cork. Nawaheshimu sana wakulima hao. Walikosa wa kuwabebea mzigo, wakatafuta meli yao.

Kaskazini, Belfast na Larne zote zina meli za Cairnryan, Scotland, mwendo wa saa mbili na kidogo. Belfast ina pia meli ya Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, mwendo wa saa nane. Ratiba hubadilika kwa msimu na meli huhamishwa njia, kwa hiyo tazama ratiba ya wiki yako kabla hujamwahidi mtu lolote.

Nina visa ya Ireland. Naweza kuvuka kwenda Uingereza?

Hapana, mpaka uwe na visa ya Uingereza pia. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo linaloumiza watu zaidi.

Chanzo cha mkanganyiko ni makubaliano ya zamani kati ya Ireland na Uingereza, yanayowaruhusu raia wa nchi hizo mbili kwenda na kurudi bila vizuizi. Ukifika Holyhead huenda usione foleni ya pasipoti kama ya uwanja wa ndege, na mtu akitazama hivyo hudhani kwamba mlango uko wazi kwa kila mtu. Haki hiyo ni ya raia wao. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji visa mbili tofauti. Kuna mpango wa kutumia visa moja kwa nchi zote mbili, lakini ni kwa raia wa China na India chini ya masharti yake. Sisi hatumo.

"Lakini mimi ni mkaazi, nina kadi ya IRP." Kadi hiyo ni ya kuishi Ireland. Haikufungulii Uingereza. Nimewahi kukaa na kijana mmoja kwenye benchi la bandarini, mwanafunzi, begi lake miguuni, tiketi mkononi, akimpigia dada yake aliyekuwa akimsubiri upande wa pili. Alikuwa na kadi, barua ya chuo, kila kitu isipokuwa hiyo visa. Meli ikaondoka tukiitazama.

Wageni wenye visa ya kuingia mara moja wawe na tahadhari ya ziada. Ukishatoka Ireland kwenda Uingereza, hata kama visa ya Uingereza unayo, visa yako ya Ireland imeshatumika. Utahitaji nyingine ya kurudia.

Na Belfast je? Si ni basi tu?

Ni basi, saa mbili na kitu kutoka Dublin, na mpakani hakuna geti wala askari. Hata hivyo Belfast iko Uingereza, na sheria inakutaka uwe na visa ya Uingereza kabla ya kuvuka mstari huo usioonekana. Kuna wanaoenda Belfast hivyo hivyo, kisha wakachukua meli ya Cairnryan wakiamini kwamba ni safari ya ndani ya nchi moja. Maofisa wa bandari huweza kukuuliza karatasi hapo, na ukikamatwa, kila ombi la visa utakaloandika baadaye litabeba doa hilo. Sikushauri kabisa.

Ufaransa na Hispania?

Ireland imo katika Umoja wa Ulaya lakini haimo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja. Kwa meli ya Cherbourg, Roscoff au Bilbao unahitaji visa ya Schengen, kadi ya IRP uwe nayo usiwe nayo. Walioolewa na raia wa Ulaya, au waliooa, wana utaratibu wao. Waulize ubalozi kabla ya kununua tiketi.

Tiketi yangu inasema 02:15. Ni saa ngapi hiyo?

Ni saa nane na robo usiku. Usicheke, swali hili limewaachisha watu meli. Sisi huhesabu saa kwa kuchomoza na kuzama kwa jua, tiketi zao huhesabu kutoka usiku wa manane. Mtego mkubwa zaidi uko kwenye tarehe. Meli ya 02:15 ya Jumamosi huondoka usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Ukienda bandarini Jumamosi usiku, umechelewa siku nzima. Ukikata tiketi ya usiku, andika kwa Kiswahili ukutani: "Ijumaa usiku, saa nane na robo," na familia nzima ielewe hivyo.

Sina gari. Naruhusiwa kupanda?

Njia nyingi za Wales na Scotland hupokea watembea kwa miguu, lakini si zote za Ulaya. Ile ya Dunkirk, kwa mfano, ni ya wenye magari na malori tu. Soma kabla ya kulipa.

Kwa asiye na gari, ninachopendekeza ni tiketi ya SailRail, inayounganisha meli na treni. Unanunua Dublin hadi London, au hadi mji mwingine wenye stesheni Uingereza, kwa bei moja. Holyhead treni iko pale pale unaposhukia, na Fishguard vivyo hivyo. Dublin ndiko kwenye usumbufu. Bandari haina treni, kwa hiyo panda basi au teksi kutoka mjini, na uondoke mapema kwa sababu barabara ya bandarini hujaa malori.

Kuja Rosslare kwa treni ni safari ya kufurahisha peke yake, kama saa tatu kutoka Dublin Connolly, mwanzo wake kando ya bahari. Ikifika Wexford treni hupita katikati ya barabara ya gatini, polepole kama mtu anayetembea, maduka upande mmoja na maji upande mwingine. Wanangu hupungia dereva mkono na dereva hupiga honi.

Nifike mapema kiasi gani, na ndani kukoje?

Fika walau saa moja kabla, au moja na nusu ukiwa na gari. Kila kampuni ina muda wake wa kufunga milango na hawana huruma nao.

Wenye magari huelekezwa kwenye mistari, kisha wanaingia kupitia lango kubwa la omoni au tezini, yaani mbele au nyuma ya meli. Tumezoea hivyo Likoni, isipokuwa hapa kuna ghorofa juu ya ghorofa. Ulysses, iliyojengwa Finland na kuanza kazi mwaka 2001 kati ya Dublin na Holyhead, hupokea magari 1,342. Mabaharia hufunga malori kwa minyororo, na mlio wake utausikia hadi kifuani. Kumbuka namba ya ngazi na rangi ya sitaha uliyoegesha gari. Vuta breki ya mkono, weka gia, chukua dawa, koti na chakula cha mtoto, kwa sababu meli ikishaondoka hutaruhusiwa kurudi kwenye gari. Zima pia king'ora cha gari. Mawimbi yakianza kuinua meli, king'ora kimoja huamsha vingine, na chini huko huwa ni kelele tupu hadi Wales.

Juu kuna viti, mkahawa, duka na mahali pa watoto. Mwenye kutaka kuswali aombe wahudumu wamwonyeshe kona tulivu. Kutoka bahari hii kibla ni upande wa kusini-mashariki, na dira ya simu hufanya kazi vizuri zaidi ukiwa nje sitahani, mbali na chuma.

Ukitoka Dublin mchana usikae ndani. Meli hupita kando ya ukuta mrefu wa mawe na mnara mwekundu wa taa wa Poolbeg mwishoni mwake. Ukuta huo ulijengwa karne ya 18 ili kuzuia mchanga usizibe mlango wa bandari. Ng'ambo yake kuna ukuta wa pili, wa kaskazini, uliojengwa baadaye. Baada ya ukuta huo wa pili, maji yanayopwa yalilazimika kupita katikati na kukokoa mchanga wenyewe, na mchanga mwingine ukarundikana ukawa kisiwa, Bull Island, ambacho leo watu huenda kutembea na kutazama ndege.

Meli hufutwa mara nyingi? Nitajuaje?

Kiangazi ni nadra. Kuanzia Oktoba hadi Machi jiandae. Upepo mkali wa huku hutoka kusini-magharibi, kwenye Atlantiki, lakini kwa bandari za pwani ya mashariki upepo wa mashariki ndio mbaya, kwa maana unaingia mlangoni moja kwa moja. Boti za kasi ndizo husimamishwa kwanza, kwa kuwa haziruhusiwi kutoka mawimbi yakizidi kimo fulani. Meli kubwa huvumilia zaidi, na mara nyingi kinachoizuia si bahari ya katikati bali ni kule kufunga gatini upepo ukisukuma ubavu.

Sikiliza utabiri wa bahari wa Met Éireann, idara ya hali ya hewa ya Ireland. Idara hiyo haigawi pwani kwa mikoa, huitaja kwa rasi: kutoka Malin Head hadi Howth Head hadi Carnsore Point, na kuendelea kuzunguka kisiwa. Ukiusikiliza redioni miezi michache unaanza kuijua pwani kwa majina yake kama vile manahodha wa mashua wanavyojua miamba yetu. Onyo la vyombo vidogo hutolewa upepo ukifika nguvu ya 6 katika kipimo cha Beaufort, na onyo la tufani hutolewa ukifika 8. Mimi nikisikia 8 Bahari ya Ireland, napiga simu ya kampuni kabla ya kufunga begi.

Dhoruba ikipita, shida huweza kubaki. Desemba 2024, Dhoruba Darragh ilipovuma, gati liliharibika Holyhead na bandari ikafungwa kuanzia tarehe 7. Ilikuwa wiki chache kabla ya Krismasi, wakati ambao maelfu ya watu wa Ireland walioko Uingereza hurudi makwao, na vifurushi vya posta navyo hupita njia hiyo. Meli zilielekezwa bandari nyingine, malori yakafuata, na Rosslare yetu ikajaa ajabu. Holyhead ilifunguliwa kwa sehemu tarehe 16 Januari 2025, na gati lililoharibika lilirudi kazini Julai. Jirani yangu, mama wa miaka zaidi ya 70, aliwasubiri wajukuu wake siku nne. Alikuwa ameshapika.

Ikifutwa au ikichelewa, nina haki gani?

Unazo, na wengi hawazidai. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1177 ya mwaka 2010 inawalinda abiria wanaoondoka bandari za Ireland.

Meli ikifutwa, au kuondoka kukichelewa zaidi ya dakika 90, una uhuru wa kuchagua kati ya kurudishiwa nauli na kupelekwa unakokwenda kwa njia nyingine mapema iwezekanavyo bila kuongeza pesa. Wakati unasubiri, kampuni ikupe chakula na kinywaji kinachofaa inapowezekana. Ukilazimika kulala, wakulipie malazi hadi usiku tatu, kwa kiwango cha hadi euro 80 kwa usiku, ila kama ni hali ya hewa iliyozuia safari kwa usalama.

Kuchelewa kufika nako kuna fidia. Kwa safari ya saa nne au chini, ukichelewa saa moja unadai robo ya nauli. Kwa safari ya zaidi ya saa nne hadi nane, ni ukichelewa saa mbili. Kwa ya zaidi ya nane hadi 24, ni saa tatu, na zaidi ya hapo ni saa sita. Ukichelewa zaidi ya mara mbili ya muda huo, ni nusu ya nauli. Fidia hii pia haitolewi kwa hali mbaya ya hewa inayohatarisha safari, au kwa jambo la dharura lisiloepukika.

Andika malalamiko kwa kampuni ndani ya miezi miwili. Usiporidhika, peleka kwa Mamlaka ya Taifa ya Uchukuzi, NTA. Mamlaka hiyo haichezi. Kiangazi cha 2018 safari nyingi za Ufaransa zilifutwa kwa sababu meli mpya, W.B. Yeats, ilichelewa kutoka kiwandani Ujerumani. Mabishano kuhusu haki za abiria hao yalifika hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, iliyotoa hukumu Septemba 2021 na kukataa hoja kwamba kuchelewa kwa meli kiwandani ni dharura isiyoepukika. Mimi mwenyewe niliwahi kukesha na watoto wawili kwenye ukumbi wa kusubiri kwa ajili ya hitilafu ya injini, bila hata chai, kwa kutojua kwamba nilistahili. Siku hizi nina nakala ya sheria hiyo kwenye simu.

Nitashikwa na kigegezi?

Huenda. Kaa katikati ya meli, ghorofa ya chini inayoruhusiwa, kwani omoni na tezini ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Tazama upeo wa macho, usitazame simu. Kula kidogo kitu kikavu. Tangawizi husaidia wengine. Dawa imeze kabla ya kuondoka, maana ukishaanza kutapika haitakaa tumboni.

Bahari hii ni salama?

Leo ndiyo, na usalama huo ulipatikana kwa gharama. Tarehe 31 Januari 1953 feri Princess Victoria ilitoka Stranraer, Scotland, kwenda Larne. Mawimbi yalivunja milango ya tezini, maji yakajaa sitaha ya magari yasipate pa kutokea. Mwendesha redio David Broadfoot alibaki kwenye mashine yake akituma wito hadi meli ikazama naye, na akapewa nishani ya George Cross baada ya kufa. Walikufa zaidi ya watu 130. Waliookolewa ni 44, na hakuna mwanamke wala mtoto hata mmoja kati yao. Nikiisoma habari hiyo nawakumbuka watu wetu waliozama na feri ya Mtongwe, Mombasa, mwaka 1994, na siwezi kuisoma mara mbili.

Ukisikia mabaharia wakitangaza mahali pa jaketi na vituo vya kukutania, nyamaza usikilize. Ikitokea shida kwenye boti ndogo, channeli 16 ya redio ya bahari ndiyo ya dharura, na kwa simu piga 112 uombe Walinzi wa Pwani. Boti za uokoaji za RNLI zinaendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, wavuvi, walimu, wenye maduka, na kengele yao ikilia huacha sahani mezani. Ukiona kopo lao la michango dukani, weka sarafu.

Visiwa vidogo vinafikika vipi?

Cha kwanza watu huuliza Aran. Boti hutoka Ros a' Mhíl, magharibi ya mji wa Galway, na kufika Inis Mór kwa dakika 40. Msimu wa watalii ziko pia za Doolin. Huko lugha ya nyumbani ni Kiayalandi, na ukijifunza kusema "go raibh maith agat", yaani ahsante, utapokelewa vizuri. Kodi baiskeli uende hadi ngome ya Dún Aonghasa, iliyo ukingoni mwa jabali la karibu mita 100 bila ukuta. Shika watoto mkono.

Rathlin hufikiwa kutoka Ballycastle, kaskazini, na kumbuka hiyo ni Uingereza.

Skellig Michael inataka subira. Watawa wa kale walijenga vibanda vyao vya mawe juu ya mwamba baharini, na kuvifikia hupandwa ngazi 618. Wanaoruhusiwa kushuka ni watu 180 kwa siku, msimu wa Mei hadi Septemba, na siku nyingi bahari hairuhusu hata hao. Weka nafasi miezi kabla na uwe tayari kurudi bila kushuka.

Kuna feri fupi kama ya Likoni?

Zipo, na nazipenda. Killimer hadi Tarbert huvuka mdomo wa mto Shannon kwa dakika 20 na kukuokolea zaidi ya kilomita 130 za barabara. Passage East hadi Ballyhack, karibu na kwetu, ni dakika chache tu. Strangford hadi Portaferry ndiyo iliyonikumbusha nyumbani. Mlango wa maji ni mwembamba, mkondo una nguvu, na nahodha huelekeza feri upande mwingine kabisa ili mkondo umfikishe anakotaka. Jina Strangford lenyewe ni la Waviking, likimaanisha ghuba ya mkondo mkali.

Brexit, yaani Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, ilibadilisha nini?

Kabla yake, lori la samaki kutoka Castletownbere lilivuka Wales na Uingereza yote hadi Dover, kisha Ufaransa, kana kwamba ni nchi moja. Kuanzia Januari 2021 njia hiyo ina karatasi za forodha, na wenye malori wengi wamehamia meli za moja kwa moja za Ulaya. Rosslare ndiyo iliyonufaika zaidi. Kwa msafiri wa kawaida, la kukumbuka ni hili: huruhusiwi kuingia Ireland kutoka Wales, Scotland au England na nyama wala maziwa na vyakula vilivyotokana navyo. Sambusa za nyama za shangazi wa Birmingham zitaishia forodhani.

Nataka kutuma gari au kontena Mombasa. Meli ipo?

Usitegemee meli ya moja kwa moja. Kontena kwa kawaida hupakiwa meli ndogo Dublin, Cork au Waterford, likapelekwa bandari kubwa kama Rotterdam au Antwerp, na hapo likahamishiwa meli ya masafa marefu. Hesabu muda wa kusubiri huko kabla ya kuwaahidi watu wa nyumbani.

Magari ya Ireland yana usukani wa kulia, kwa hiyo yanafaa Kenya, Tanzania na Uganda. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na linatakiwa kukaguliwa kabla ya kusafirishwa. Mtu akikuuzia Dublin gari la miaka tisa kwa bei ya kutupa, sababu huenda ni hiyo.

Kwa nini watu wa Wexford huizungumzia sana Kerlogue?

Niliuliza swali hili mwenyewe nilipohamia. Kerlogue ilikuwa meli ndogo ya hapa Wexford, urefu wa mita 43 hivi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Ireland haikuegemea upande wowote, na meli zake zilichorwa EIRE ubavuni kwa herufi kubwa ili zisipigwe. Kerlogue yenyewe ilishapigwa risasi na ndege za upande wa Uingereza Oktoba 1943.

Tarehe 29 Desemba mwaka huo huo ilikuwa ikirudi kutoka Lisbon na shehena ya machungwa. Ndege ya Kijerumani ikaizunguka ikiiashiria ifuate. Waliyoyakuta yalikuwa mamia ya mabaharia wa Kijerumani majini, manowari zao zimezamishwa katika Ghuba ya Biscay. Nahodha Thomas Donohue na watu wake kama kumi walifanya kazi saa nyingi mfululizo kuwavuta, na wakapata 168. Waliwalaza kila mahali, vyumbani, kwenye mashine, hadi ilikuwa vigumu kuzungusha mkono. Wanne walikufa. Waingereza walitaka meli ipitie Fishguard. Nahodha akaelekea Cobh, bandari ya karibu na Cork, na kuwashusha wale watu nchi isiyo na vita.

Mzee mmoja hapa, aliyewahi kuwa baharia, aliponisimulia alisema tu kwamba mtu akiwa majini humuulizi bendera. Nilimwambia hata kwetu ni hivyo.

Nina siku moja tu. Niende bandari gani?

Cobh, treni ya dakika 25 kutoka Cork. Ilikuwa ikiitwa Queenstown. Kati ya 1848 na 1950 watu kama milioni 2.5 walihama nchi kupitia hapo. Msichana Annie Moore aliondokea hapo na kuwa mtu wa kwanza kusajiliwa kituo cha wahamiaji cha Ellis Island, New York, tarehe 1 Januari 1892. Gatini kuna sanamu yake pamoja na kaka zake wawili wadogo. Titanic ilitia nanga hapo mara ya mwisho tarehe 11 Aprili 1912. Nimekwenda mara tatu, na kila mara nimemkuta mhamiaji mwenzangu amesimama mbele ya sanamu ile, kimya.

Bandari hizi zina uhusiano wowote na pwani yetu?

Upo. Chai kwanza: chai maarufu ya Cork, Barry's, huchanganywa na majani ya Kenya na Rwanda, na Waayalandi huinywa asubuhi hadi usiku.

Pili ni meli. Kenya Castle na wenzake Rhodesia Castle na Braemar Castle, za kampuni ya Union-Castle, zilijengwa Belfast na Harland & Wolff, zikaanza kazi mwaka 1951 na 1952 kwenye njia ya kuzunguka Afrika. Zilipita Mombasa na Dar es Salaam. Marehemu babu yangu alipakia na kupakua mizigo Kilindini, na alizoea kututajia meli za ubavu wa zambarau hafifu na bomba jekundu, zilizokuwa zikionekana tangu mbali. Hakujua zilijengwa wapi, wala mimi sikujua hadi nilipofika huku. Ukipanda meli ya Belfast kwenda Cairnryan, simama tezini inapoondoka, utazame upande wa mashariki wa mto, kwenye winchi mbili kubwa za rangi ya njano. Uwanja wa meli ni huo.